Nyumba ya Mikeka Kumi na Mitano: Mhadhara juu ya Utoto wa Kijijini Ujapani



Mwaka 1958 gazeti la Kobe Shimbun, linalotolewa katika mji wa bandari wa Kobe, magharibi ya Ujapani, lilianza kuchapisha kumbukumbu za mzee mmoja aliyekwisha pita umri wa miaka 80, ambaye alikuwa akisimulia kwa ulimi wake huku wengine wakinakili. Mzee huyo alikuwa Yanagita Kunio, mtu ambaye Wajapani humhesabu kuwa ndiye mwasisi wa elimu ya mila na ngano za nchi yao. Na mwaka uliofuata kumbukumbu zile zilikusanywa zikawa kitabu kiitwacho Kokyō Shichijūnen, yaani miaka sabini ya kwetu, kwa kuwa ilikuwa imetimu miaka 70 tangu alipokihama kijiji alichozaliwa, akiwa kijana wa miaka 12. Kitabu hicho ndicho nitakachokifanya msingi wa maneno yangu jioni hii, na karibu na mwisho nitamwita shahidi wa pili, mtu wa kisiwani, ambaye utoto wake ulikuwa na ladha nyingine kabisa.

Katika kila taifa ambalo watu wake wamehamia mijini kwa makundi, hadithi za utoto wa kijijini hazikosi wasomaji. Ujapani ya miaka ile ndiyo iliyokuwa ikihama kwa kasi kuliko wakati wowote uliopita: tangu mwaka 1954 kulikuwa na garimoshi maalumu zilizowachukua wavulana na wasichana waliokwisha maliza shule ya kati huko mashambani, wengi wao hawajatimiza hata miaka 16, zikawashusha Tokyo waingie viwandani na madukani, na watu hao, na waliowatangulia, walitamani kuambiwa ya kwamba kule walikotoka kulikuwa pema, penye maji matamu na majirani wenye huruma. Yanagita angeweza kuwapa tamaa yao bila taabu, maana kalamu yake ilikuwa laini na jina lake lilikuwa kubwa. Aliwapa kitu kigumu zaidi. Aliukumbuka utoto wake kama mtu akumbukavyo maswali aliyoyaacha bila majawabu. Na mimi nadai, na hilo ndilo nitakalojaribu kulithibitisha mbele yenu, kwamba kazi yake yote ya uzimani, vitabu vyake, safari zake, hata utumishi wake serikalini, ilichipua katika mambo machache aliyoyaona kwa macho ya mtoto kabla ya kutimiza miaka 15.

Alizaliwa mwaka 1875 katika kijiji cha Tsujikawa, katika jimbo la zamani la Harima, ambalo leo ni sehemu ya mkoa wa Hyogo. Kijiji hicho kimekaa penye njia panda, njia moja ikishuka kutoka migodi ya fedha ya Ikuno kuelekea mji wa Himeji na bahari, nyingine ikiikata ile ya kwanza kutoka mashariki hadi magharibi. Na pembeni unapita mto Ichikawa, ambao wavulana wa kijiji waliupenda na kuuogopa kwa pamoja, kwa sababu kila mwaka haukukosa kumchukua mmoja wao, na watu wazima walisema kuwa aliyemvuta chini ni kiumbe cha majini chenye umbo la mtoto, ambacho Wajapani wengi hukiita kappa. Baba yake, Matsuoka Misao, alikuwa mwanachuoni wa elimu za kale za Kichina na za dini ya wenyeji, akitibu wagonjwa pia, mtu wa vitabu asiyekuwa na mkono wa kutafuta mali. Mama yake alikuwa mkali, mwenye kumbukumbu ya ajabu, mhodari wa kusuluhisha ugomvi wa mume na mke katika nyumba za jirani. Walizaa wana wanane, wote wa kiume, na Kunio alikuwa wa sita. Jina la Yanagita alilipata baadaye, mwaka 1901, alipoingizwa katika ukoo mwingine kwa desturi yao ya kumfanya mtu kuwa mwana wa nyumba isiyo na mrithi.

Sasa naomba tuingie ndani ya nyumba ile, maana yeye mwenyewe alipenda kusema kuwa ni nyumba ndogo kuliko zote za Ujapani, na kwamba elimu yake yote ilianzia humo. Ilikuwa na vyumba vinne: viwili vya mikeka minne na nusu, na viwili vya mikeka mitatu mitatu, jumla yake mikeka 15, na mkeka mmoja wa tatami, huo mnene ulioshonwa kwa majani ya mpunga, hupungua kidogo mita moja kwa upana na mita mbili kwa urefu. Kati ya chumba na chumba hakuna ukuta wa udongo wala wa mawe, pana milango ya karatasi inayosukumwa kwa kidole, ambayo huzuia jicho lakini haizuii sauti, wala kikohozi, wala kilio cha mtu anayejitahidi asisikike. Humo waliishi baba na mama na watoto. Na kaka mkubwa, Kanae, ambaye alikwisha kuwa mkuu wa shule ya msingi angali kijana, alipotimiza kama miaka 20 alioa mke kutoka kijiji cha jirani, akamleta humo humo.

Wasikilizaji wengi mnayajua mambo ya mkwe na mkaza mwana, wala sihitaji kuyaeleza kirefu. Mama alikuwa na tabia isiyopinda, bibi arusi alikuwa mgeni asiyekuwa na pembe ya kujifichia, na ndoa mbili zililala chini ya dari moja zikitenganishwa na karatasi. Baada ya muda wa kama mwaka, bibi arusi alitoroka akarudi kwao. Kaka mtu, aliyekuwa tegemeo la aila nzima, aliingia katika ulevi kwa uchungu, hata ikabidi jamaa wafanye shauri la kumpeleka Tokyo akasomee uganga, na ili kupata gharama wakauza mahali pao. Mtoto Kunio aliyaona yote hayo akiwa mdogo, hana la kusema. Lakini miaka 70 baadaye hakumlaumu mama yake, wala hakumlaumu yule mwanamke aliyekimbia, ambaye kwa hakika hakuwa na kosa; alisema wazi ya kwamba msiba wa kaka yake ulitokana na udogo wa nyumba, na kwamba azma yake ya kuchunguza maisha ya watu wa kawaida ilitokana na udogo huo huo.

Mimi naliona neno hili kuwa kubwa sana. Aghalabu mtu mzima akikumbuka ugomvi wa wazazi wake hutafuta nani alikuwa mbaya. Yanagita alipima vyumba. Na mwaka 1931, alipotoa kitabu chake juu ya mabadiliko ya maisha ya Wajapani katika enzi za Meiji na Taishō, alijaza humo mambo ambayo wanahistoria wa zama zake hawakuyadhani kuwa ni historia: jinsi vioo vilivyotiwa katika milango ya karatasi vilivyopenyeza mwanga hadi pembe za nyumba, watu wakaona kwa mara ya kwanza masizi na vumbi la miaka mingi, wakaona haya, wakaanza kufagia, na jinsi moto wa jikoni, uliokuwa mmoja kwa nyumba nzima, ukikusanya watu wote kuuzunguka usiku, ulivyogawanyika ukawa taa na makaa ya vyumba mbalimbali, hata kijana akapata kujitenga na kitabu chake, akawa na mawazo ambayo baba yake hayajui. Mtu aliyelelewa katika jumba la vyumba 20 asingeyaona hayo. Ilipasa mtu awe amelala utotoni nyuma ya karatasi, akisikia ndoa ya kaka yake ikivunjika.

Nyumba yenyewe ingalipo. Imehamishwa kutoka mahali pake pa asili, ikawekwa karibu na jumba la kumbukumbu yake katika mji wa Fukusaki, ambao ndio uliokimeza kijiji cha Tsujikawa, na wageni huzuru wakashangaa jinsi ilivyo ndogo.

Kuna kisa kingine cha utotoni ambacho alikieleza mapema zaidi, katika kitabu cha mwaka 1926 kinachohusu maisha ya watu wa milimani. Alikuwa na umri wa kiasi cha miaka minne, na mama yake alikuwa na mtoto mchanga wa kumshughulisha. Kunio alimwuliza mama, tena na tena, kama wanaye shangazi huko Kobe. Mama, kwa wingi wa kazi, akamjibu ndiyo, ili anyamaze. Hawakuwa na shangazi Kobe. Mtoto akalala usingizi wa mchana, akaamka, akatoka nyumbani akashika njia peke yake, akitembea kama mtu aliyeitwa, hata alipofika mbali kiasi cha maili moja na zaidi akaonwa na jirani, mume na mke waliokuwa wakilima huko, wakamtambua wakamrudisha. Wazee wa Ujapani walikuwa na itikadi kwamba watoto wa namna fulani huchukuliwa na viumbe visivyoonekana, wakapotea siku kadhaa au wasirudi abadani. Na Yanagita, alipokuwa mtu mzima mwenye shahada ya sheria, aliandika bila kusitasita ya kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa namna hiyo, na lau asingeonwa na majirani wale, huenda angehesabiwa miongoni mwa waliochukuliwa. Hakusema kuwa anaamini, wala hakucheka. Alijitoa mwenyewe awe ushahidi, jambo ambalo wanachuoni wachache huwa na moyo wa kulifanya.

Mwaka 1884 jamaa yake walihamia mji mdogo wa Hōjō, na mwaka uliofuata njaa ikaingia. Alikuwa na miaka kumi. Matajiri wa mji walifungua jiko la kuwagawia watu uji mwembamba wa mchele, na kila siku watu walipanga safu wakiwa na mabirika ya udongo mikononi, wakingoja kujaziwa. Nyumbani kwao hawakwenda kusimama katika safu ile, lakini wao pia walikula uji kwa muda wa kama mwezi mzima, mtoto akiyatazama mabirika yale yakipita njiani. Katika kumbukumbu zake mzee hakueleza njaa kwa maneno ya kutia uchungu. Alieleza vyombo, na safu, na urefu wa muda. Kisha akasema kuwa mambo hayo ndiyo yaliyompeleka katika masomo ya uchumi wa kilimo na katika wizara ya kilimo. Na tarehe zamsadikisha: alipokuwa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo alichunguza historia ya maghala ya nafaka ambayo watu wa zamani waliyaweka kwa ajili ya miaka ya ukame, na mwaka 1900 aliingia Wizara ya Kilimo na Biashara, ambako alisafiri mikoani akiwahutubia wakulima juu ya vyama vya ushirika, kwa hoja kwamba mkulima mdogo asiyekuwa na akiba wala mkopo wa haki atabaki akingoja uji wa tajiri.

Nafungua mlango mdogo hapa, kwa kuwa wengi waliomo ukumbini hawatarajii kumkuta mtu huyu karibu na kwetu. Kati ya mwaka 1921 na 1923 Yanagita alikuwa Geneva, mjumbe katika Tume ya Kudumu ya Udhamini ya Shirikisho la Mataifa, tume ile ile iliyopelekewa taarifa za utawala wa Waingereza katika Tanganyika na wa Wabelgiji katika Ruanda-Urundi; na aliandika humo taarifa juu ya hali njema ya wenyeji wa nchi zilizowekwa chini ya udhamini. Sidai kwamba alitufaa kwa jambo kubwa, maana mamlaka ya tume ile yalikuwa ya karatasi. Lakini naona si haba kwamba kati ya watu wachache walioketi mezani wakizungumzia maisha ya wakulima wa Afrika Mashariki, alikuwamo mmoja aliyeyaona mabirika ya udongo akiwa mtoto.

Baada ya njaa ile, wazazi walimweka kwa muda katika nyumba ya jamaa ya Miki, watu wenye mali na nasaba huko Tsujikawa, waliokuwa na maktaba ya vitabu maelfu ghorofani. Na mtoto huyo, ambaye kwao mlikuwa hamna mahali pa kukunjulia mguu, aliachiwa ajisomee apendavyo bila kuulizwa na mtu. Ndipo mwaka 1887 akapelekwa mashariki, safari ndefu ya bahari na nchi kavu, kuishi na kaka yake Kanae, ambaye sasa alikuwa tabibu katika kijiji cha Fukawa ukingoni mwa mto Tone, katika mkoa wa Ibaraki wa leo.

Fukawa ndiko alikopata mambo mawili yaliyo mazito kuliko yote katika kitabu. La kwanza ni hili. Yeye alitoka katika nyumba ya wana wanane, na huko kila nyumba aliyoiingia aliona watoto wawili, mvulana na msichana. Hakufahamu kwa nini. Halafu siku moja, katika hekalu la Tokumanji, aliona ubao wa nadhiri uliochorwa picha ya mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani, ametoka kujifungua, naye anamziba pumzi mtoto mchanga kwa mikono yake. Na kivuli chake katika mlango wa karatasi nyuma yake kimeota pembe mbili. Na pembeni amesimama Jizō, ambaye Mabudha wa Ujapani humwomba awe mlinzi wa roho za watoto, akilia. Ubao ule ulikuwa ukumbusho na onyo kwa pamoja, kwani mikoa ya mashariki ilipatwa na njaa kali za karne ya 18 na ya 19, na wakulima walikuwa wamezoea kupunguza watoto kwa namna hiyo ili wale waliobaki wapate kula. Alisema ya kwamba mwili wake ulimsisimka kwa baridi alipoelewa picha ina maana gani, na baridi hiyo hakuisahau.

Naomba tutafakari tofauti kati ya ubao ule na mtoto aliyeutazama. Ubao ulichorwa na watu waliotaka kusema kuwa mwanamke yule ni shetani. Mtoto aliyeutazama alikuwa ameiona njaa, akajua kwamba mwanamke hakuwa shetani, alikuwa jirani. Hukumu hiyo ilimtoka mtu wa miaka 12 au 13, nayo ndiyo hukumu niionayo katika vitabu vyake vyote.

Jambo la pili lataka maneno ya taratibu. Nyumba ya tabibu ilipangwa katika kiwanja cha watu wa ukoo wenye mali, na katika bustani yao mlikuwa na kijumba kidogo cha mawe cha ibada. Siku moja ya masika, pasipo mtu, kijana wa miaka 13 au 14 akafungua kijumba hicho kwa udadisi wake wa kitoto ili aone mna nini, akakuta jiwe zuri la mviringo, kubwa kama la kushikwa kwa kiganja. Baadaye alijua kuwa bibi mkongwe wa nyumba ile, aliyepatwa na maradhi ya kupooza, alikuwa akilipapasa jiwe hilo siku zote, na alipofariki watu wake wakaliweka humo ili bibi huyo awe mlinzi wa nyumba. Lakini saa ile hakujua. Aliona jiwe tu, likimtazama. Moyo wake ukageuka. Akachutama chini, akainua macho, na katika mbingu ya mchana mweupe akaona nyota, makumi ya nyota, zikiwaka katika rangi ya samawati. Kijana huyu alikuwa amesoma ilimu ya falaki kidogo, akajua kuwa nyota hazionekani mchana, akawa anajiambia kuwa hizi si zile azijuazo. Ghafla akapita ndege juu sana, wa jamii ya shore, akalia sauti kali, na kwa sauti ile mwili wa kijana ukamrudia. Mzee alisema kwamba lau ndege asingelia, labda akili yake isingerudi tena.

Yupo atakayeuliza: je, tumsadiki mzee wa miaka 82 anayesimulia nyota za mchana alizoziona akiwa mtoto? Swali ni la haki, na wapo Wajapani waliouliza. Kumbukumbu ya utotoni hupita katika mikono mingi kabla ya kufika ulimini: imepita katika ujana ulioona haya, katika utu uzima uliotaka kueleza, na katika uzee unaotaka kufumbata yote yawe na mpango mmoja. Yanagita mwenyewe alikuwa bingwa wa kuchuja masimulizi ya wengine. Tangu mwaka 1910, alipotoa kitabu cha Tōno Monogatari kwa kuandika aliyoyasikia kwa kijana Sasaki Kizen, alijua vyema jinsi hadithi zinavyokua zikisimuliwa. Tena wakosoaji wake wanasema, na mimi nakubaliana nao, kwamba alikuwa na mambo ambayo hakupenda kuyatia katika hesabu, hasa mahaba ya wanakijiji, ambayo aliyapa kisogo kwa adabu ya mtu wa daraja lake. Hivyo kimya chake pia kimo katika kumbukumbu zake. Lakini juu ya nyota najibu hivi: hakudai kwamba nyota zilikuwapo. Alieleza alikokaa, alichokishika, ndege gani alilia, na nini kilimpata mwilini, kama shahidi mwema atoavyo ushahidi mbele ya kadhi. Na kazi ya kusema lilikuwa jambo gani akatuachia sisi.

Sasa nimwite shahidi wangu wa pili. Miyamoto Tsuneichi alizaliwa mwaka 1907 katika kisiwa cha Suō-Ōshima, mkoa wa Yamaguchi, katika bahari ya ndani ya Ujapani, kisiwa cha vilima na mashamba ya ngazi, ambacho kwa ufinyu wa ardhi kilipeleka watu wengi sana Hawaii tangu mwaka 1885. Baba yake mwenyewe alikwenda Fiji kufanya kazi ya mkataba, ambako wenzake wengi walikufa kwa maradhi, akarudi mikono mitupu. Mtoto alilelewa hasa na babu yake, mkulima asiyekuwa na makuu, mwimbaji wa nyimbo za ngoma ya kuwakumbuka wafu, aliyekuwa akimlaza mjukuu ubavuni pake kila usiku na kumsimulia hekaya, na kumpa ujira wa hekaya zaidi kila alipomkanda mabega.

Katika kitabu chake cha mwaka 1960, Wasurerareta Nihonjin, Miyamoto amesimulia kwamba huko kilimani walikokuwa wakilima palikuwa na kisima kidogo, na kisimani mlikuwa na kobe mmoja mdogo, ambaye mtoto alimzoea. Akamwonea huruma kwa kufungiwa katika maji yale haba, akamwomba babu amtoe wakamfuge nyumbani. Babu akamtoa, akamfunga uzi, mtoto akambeba kwa furaha. Lakini walipokuwa wakishuka, mtoto alianza kufikiri jinsi kobe atakavyokuwa mpweke mahali asipopajua, akalia, akataka arudishwe. Babu hakumkaripia kwa kumpotezea wakati. Alipanda naye tena, wakamrejesha kisimani, na akamfahamisha kuwa kobe naye ana ulimwengu wake na jamaa zake. Babu huyo huyo alimwambia kwamba mtu afanyapo kazi peke yake msituni hadi jioni, yupo mnyama mdogo, tanuki, ambaye huja karibu akagonga mti kwa kumwigiza, ili mtu asione upweke. Sisi hapa tumezoea kusikia kwamba hekaya za namna hiyo zilitungwa kumtisha mtoto. Hii ilimpa mtoto mwenzi gizani.

Mwaka 1923 Miyamoto, kijana wa miaka 15, alipokuwa akiondoka kwenda Osaka, baba yake alimketisha akampa maagizo kumi, akamtaka ayaandike. Kwa muhtasari, alimwagiza kuwa akiwa ndani ya garimoshi atazame nje aone mashambani pamepandwa nini, na nyumba ni kubwa au ndogo, na paa zake ni vigae au nyasi. Na akifika mahali pageni apande kwanza palipoinuka. Nayataja kwa sababu yametoka kwa mtu asiyesoma sana, aliyekuwa amefilisika ng'ambo, na hata hivyo elimu nzima ya mwanawe ilifuata njia hiyo. Mwaka 1930 Miyamoto alipatwa na kifua kikuu, akarudi kisiwani kuuguzwa, akaanza kuandika hekaya za wazee wa kwao. Maandishi hayo ndiyo yaliyomfikia Yanagita, naye akampelekea barua ya kumtia moyo. Notisi alizozikusanya kwa miaka zilichomwa na mabomu mjini Sakai mwezi Julai 1945. Akaanza upya, akatembea kwa miguu nchi nzima hadi karibu na kufa kwake mwaka 1981.

Nikiwalinganisha wawili hao, moyo wangu huelemea kwa Miyamoto, sitaficha. Aliingia mahali ambapo Yanagita alisimama mlangoni: katika kitabu kile yumo mzee kipofu wa Tosa, aliyekuwa mchuuzi wa ng'ombe, akisimulia wanawake aliowapenda, bila mwandishi kumfunika wala kumhukumu. Walakini Miyamoto alilelewa kwa mapenzi, na Yanagita alilelewa katika dhiki, na kila mmoja alitumia alichonacho. Yule wa dhiki aliuliza kwa nini watu wanateseka hivi. Yule wa mapenzi aliuliza watu hawa wamejuaje kuishi vizuri hivi pamoja na umaskini wao. Nchi inayotaka kujijua yahitaji maswali yote mawili, na yahitaji kuyauliza kwa watu waliolala katika nyumba zenyewe.

Miyamoto hakutegemea masikio peke yake. Alichukua kamera, akapiga picha za kila kitu: mashua zilizopakwa lami, kuta za mawe, nguo zilizoanikwa, watoto wakitoka shuleni. Picha hizo ni kiasi cha 100,000, nazo zimehifadhiwa katika kituo kilichofunguliwa Suō-Ōshima mwaka 2004. Kisiwani humo leo zaidi ya nusu ya wakazi wamekwisha timiza miaka 65, na mashamba mengi ya michungwa yamerudi kuwa msitu. Watoto wa pichani ndio wazee wa sasa. Wangali wanaweza kuulizwa mashua hii ilikuwa ya nani, nguo hizi zilianikwa na nani, na mwenye shamba lile la juu aliliacha mwaka gani na kwa sababu gani.